Mwalimu na Jina la Nne

Mwalimu hakupenda kuelezwa. Ukimletea habari alikuwekea kiganja mbele ya uso, akasema, "Nisomee, usinieleze." Iwe barua, cheti cha hospitali au ujumbe wa simu, alitaka maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, kisha aamue mwenyewe kama aliyeyaandika ana akili. Ndiyo maana alilizoea duka langu. Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga mjini. Natoa kopi, napiga chapa na kuwajazia watu fomu. Kabla ya duka nilikuwa mwanafunzi wake wa darasa la kwanza, kama walivyokuwa nusu ya watu wa mtaa wetu, na alipostaafu akawa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Miaka yote hiyo nilimwita Mwalimu, na hapa nitamwita vivyo hivyo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwavuli mweusi aliotembea nao hata siku isiyo na mvua wala jua kali. Kazi ya ule mwavuli ilikuwa kuonyeshea makosa. Alisimama mbele ya kibao cha kinyozi au cha muuza chipsi, akaligonga neno lililokosewa kwa ncha ya mwavuli mpaka mwenyewe atoke nje. Wengine walinuna, lakini utamjibu nini mtu aliyekufundisha kushika kalamu. Mimi mwenyewe, na mvi zangu hizi, akiingia dukani nilikuwa nasimama.

Uongo aliuchukia kuliko uvivu. Mwenzetu mmoja aliwahi kusema hakuja shule kwa sababu bibi yake amekufa. Mwalimu akafunga safari jioni kwenda kutoa pole, akamkuta bibi anapepeta mchele. Hakumchapa yule mtoto. Kesho yake alimpeleka kwa bibi, na sisi wote nyuma, akamtaka amwombe radhi kwa kumuua. Tulicheka mpaka tukaketi chini, lakini tangu siku hiyo kila aliyefariki katika familia zetu alikuwa amefariki kweli.

Wenye kujisifia nasaba nao hakuwavumilia. "Kila mtu hapa babu yake katoka Shirazi," alikuwa akisema. "Sasa mihogo alikuwa akipanda nani?" Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa na jina la ukoo ambalo hakutaka lichezewe. Jina hilo ni Mbarandu. Kama hujawahi kulisikia usijilaumu, hata watu wa Tanga wengi hawalijui. Asili yake aliieleza kwa namna mbili, kutegemea nani anauliza. Kwa mashehe alisema Mbarandu wa kwanza alikuwa mchimba visima wa Mkwaja aliyechimba kisima cha msikiti. Kwa Wabondei alisema mtu huyo aliteremka kutoka kwao akifuata chumvi. Siku moja, akiwa na homa, aliniambia kwamba hajui, na baba yake pia hakujua. Huyo Mbarandu wa kwanza alikuwa mtu mwenye njaa aliyekuja pwani, akasema, kama wengine wote.

Alichokijua kwa hakika ni mipaka ya jina lenyewe. Kusini halikupita Mkwaja kuelekea Saadani. Kaskazini halikuvuka mto Pangani, ila kwa miguu ya baba yake, aliyehamia Tanga mjini kutafuta kazi. Katikati kulikuwa na vijiji vichache, na katika kila kijiji nyumba moja au mbili. "Ni jina la kutembea siku mbili kwa miguu," alisema. Aliviandika vijiji hivyo kwenye daftari la mistari, na kila mwaka alipokuja kutoa kopi ya ile orodha nilikuta amefuta mstari mwingine.

Kwa muda mrefu niliona ni mchezo wa mtu mzima asiye na kazi. Nilikuwa namtania, "Mwalimu, leo mmebaki wangapi?" Naye hujibu, "Wewe cheka tu." Halafu likaja suala la binti, na mzaha ukaisha.

Kaka yake Mwalimu, mwanamume wa mwisho katika nyumba yao, alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge. Huko alimwoa Mlutheri aliyesilimu, binti wa manamba, wale vibarua wa mkataba, mbele ya watu watatu au wanne ambao baadaye walitawanyika. Wakapata mtoto mmoja wa kike. Mtoto hajafika miaka minne, baba na mama wakafariki, wakapishana miezi michache tu. Cheti cha ndoa hakikuonekana. Mwalimu akamchukua mtoto, akamlea, akamsomesha, na muda wote huo watu walikuwa wakinong'ona kwamba yule hakuzaliwa ndani ya ndoa. Hakuna aliyesema mbele ya Mwalimu, wala hakuna aliyesahau.

Binti alipofika miaka ishirini na mitatu ikaja posa kutoka Pangani. Kijana mzuri, anafundisha sekondari, na binti anampenda mpaka anaona haya kulitaja jina lake. Tatizo likawa walii. Kwetu binti huozeshwa na mwanamume wa upande wa baba: baba mwenyewe, babu, kaka, ami, au mtoto wa ami hata awe wa mbali vipi. Mwalimu, pamoja na ukali wake wote, ni mwanamke, hawezi. Asipopatikana mtu, kadhi husimama badala yao, na kwa binti mwingine hilo si neno. Lakini mtoto wa nje ya ndoa hana watu wa upande wa baba, naye pia huozeshwa na kadhi. Kwa hiyo siku kadhi atakapomshika mkono bwana harusi, mji mzima utasema, haya, si tulisema.

Mama wa mchumba alikuja Tanga mwenyewe. Alikula, akashukuru, akamwambia Mwalimu kwa sauti laini kabisa, "Sisi hatuna neno na binti, dada yangu. Tunataka tumwone mmoja tu katika watu wake." Mwalimu akasema atamwona. Nikahi ikawekwa mwezi wa Maulidi, zikabaki wiki saba.

Sijapata kumwona mtu akitafuta vile. Siku hizo orodha za wapiga kura zilikuwa zimebandikwa kwenye kuta za shule na ofisi za kata, na Mwalimu alizisoma zote, jina kwa jina, akishuka na ncha ya mwavuli. Alianza na za mjini, akaenda Tongoni, akaenda Mwera. Mombasa tulisikia yuko mmoja. Tukampigia simu, akacheka, akasema hilo ni jina la utani alilopewa na wenzake bandarini na hata hajui limetoka wapi. Waliokufa ndio walipatikana kwa urahisi. Kwenye makaburi ya Kipumbwi aliwakuta Mbarandu watatu wamelala safu moja, akawasomea dua, akarudi kwenye kituo cha basi na vumbi magotini. Hata chakula alikuwa hali. Binti alikuja dukani kwangu siku moja akaniomba nimwambie shangazi yake aache, kwamba yeye yuko tayari kukaa bila mume. Nilimwambia kwamba Mwalimu akiyasikia hayo, ataanguka na kufa. Binti akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaondoka.

Kilichomuumiza Mwalimu zaidi ni kwamba alijua kwa nini haoni kitu kwenye zile kuta. Sisi sote tuliopita mikononi mwake tulijua. Rejesta ya shule ilikuwa na safu tatu, jina la mtoto, la baba na la babu. Mtoto wa pwani aliyefundwa nyumbani alikuja na majina manne, hata matano, na la mwisho ndilo la ukoo. Alisimama akayataja yote kwa pumzi moja, na Mwalimu akaandika matatu, kisha akainua rula: "Inatosha." Wazazi walipouliza, aliwajibu kwamba jina la ukoo ni la nyumbani. Hakuwa na ubaya, safu zilikuwa tatu na yeye alipenda rejesta safi. Lakini kile alichoandika ndicho kilichokwenda kwenye mtihani, na cheti, na kitambulisho, mpaka kwenye ukuta wa kata. Miaka thelathini na zaidi alikata majina ya nne ya watoto, na ya kwanza kabisa aliyakata Mkwaja, alikoanzia kazi akiwa msichana.

Zilipobaki wiki mbili aliniomba nimpeleke huko kwa pikipiki. Tulivuka mto kwa pantoni, tukashika njia ya vumbi. Mkwaja tulielekezwa kwa mzee mmoja anayeshona nyavu. Alikuwa na miaka sitini hivi. Alipoisikia sauti ya Mwalimu tu aliweka sindano chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe mwana wa nani?"

"Wa yule aliyekuja shuleni na koti la kuazima, kukuuliza jina letu limekwenda wapi."

Mwalimu alitafuta pa kukaa. Yule mzee akamletea kigoda, akampa maji, akangoja anywe. Halafu akasema polepole kwamba baba yake alipofariki aliacha shamba la minazi, na mashahidi walisema ni la Mbarandu. Wakubwa wakataka karatasi. Karatasi zake zote, tangu cheti cha darasa la saba, hazikuwa na Mbarandu, na shamba likaenda kwa watu wengine.

"Nimekukosea," Mwalimu alisema. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Nilaani mimi. Lakini binti hana kosa. Njoo umwozeshe, siku moja tu, kisha usinione tena."

"Binti hana kosa," akakubali. Akatoa kitambulisho mfukoni, akanipa mimi. "Msomee Mwalimu. Usimweleze, msomee."

Nikasoma majina matatu.

"Basi huyo ndiye mimi," yule mzee akasema. "Nilikuwa Mbarandu siku nilipoingia darasani kwako. Nilipotoka sikuwa." Akaokota sindano yake. Mwalimu alipiga magoti kwenye mchanga ule, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, na yule mzee akamshika mabega, akamwinua kwa heshima zote, akamrudisha kwenye kigoda. Lakini hakubadili neno. Njia nzima ya kurudi sikusikia sauti nyuma yangu, nikawa nageuka kuhakikisha hajaanguka.

Siku mbili kabla ya nikahi, baada ya sala ya Alasiri, Mwalimu aliingia dukani bila mwavuli. Akaniomba nifunge mlango. Nilifunga.

"Utamwozesha wewe," akasema.

Sikuelewa. Akarudia. Aliniambia nivae kanzu, niende msikitini, nikiulizwa niseme ni Mbarandu, ba'mdogo wake binti. Nilidhani akili imemruka.

"Mwalimu, mimi si mtu wenu. Ndoa itakuwa batili. Hilo wewe unalijua kuliko mimi."

"Unajuaje kama si mtu wetu?"

Baba yangu alikuwa baharia, alifia safarini kabla sijajua kutembea. Mama alimfuata mapema, nikalelewa na khalati, dada yake mama, ambaye kuhusu upande wa baba alijua tu kwamba walitoka huko chini, ng'ambo ya Pangani. Khalati ndiye aliyenifundisha majina yangu yote siku ya kuanza shule, na sasa naye hayupo. Nakumbuka nilisimama. Nakumbuka nilitaja. Nakumbuka rula ikiinuka. Lile jina la mwisho nimelitafuta kichwani miaka mingi, kila ninapojaza fomu za watu, na sijalipata.

"Mimi ndiye niliyekuandika," Mwalimu akasema. "Watu wa ng'ambo ya Pangani. Huenda ni wewe. Nani atasema si wewe?"

"Wewe unakumbuka?"

"Nilikuwa na watoto sitini darasani." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba. Wakimwacha binti huyu kwa sababu ya rula yangu, mimi nitakwenda kumwambia nini kaka yangu?"

Mwanamke aliyemwombesha mtoto radhi kwa kumzulia bibi kifo alikuwa amesimama dukani kwangu akinifundisha uongo. Nilimhurumia na nilimwogopa, na sitaki kujipamba: kulikuwa pia na sehemu yangu iliyofurahi. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia huenda mimi ni mtu wao. Nikasema ndiyo.

Siku ya nikahi shehe aliniuliza mimi ni nani wa bi harusi. Nikasema baba yake mdogo. Akauliza wa ukoo gani. Nikasema Mbarandu. Lilitoka vizuri, kama jina nililokuwa nikiitwa tangu utotoni, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamshika mkono yule kijana, nikayatamka maneno, akapokea. Mama yake alinipigia magoti kunishukuru. Binti alilia kifuani pangu, akasema, "Kumbe nilikuwa na ba'mdogo mlango wa tatu, na nyote wawili mmenificha." Mwalimu alikuwa upande wa wanawake. Sikumwona uso.

Baada ya hapo hakuja tena dukani. Tukikutana njiani nilimwamkia, naye aliitika "marahaba" bila kusimama. Vibao vya Ngamiani vikaachwa na makosa yao. Mimi sikuwa na raha. Kila nikikaa peke yangu hesabu ilikuwa ile ile: kama mimi si Mbarandu, basi wale wanakaa bila ndoa na hawajui, na mimi ndiye niliyewaweka hivyo. Binti alipojifungua walinipigia simu kwa furaha, nikasema mashaallah, nikakata, nikafunga duka mchana ule ule. Nilikuwa nimemwokoa asiitwe alivyokuwa akiitwa, na huenda nimesababisha mtoto wake azaliwe katika jambo lile lile.

Nikavumilia mwaka mmoja na nusu. Kisha Mwalimu akaugua, ugonjwa wa kutonyanyuka. Binti alikuja na mtoto kumuuguza. Nilikwenda mchana mmoja, nikamkuta peke yake chumbani, mdogo kuliko mto aliolalia. Nilimwamkia, akaitika. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mwalimu, jina langu la nne lilikuwa lipi?"

Nje, uani, binti alikuwa akimwogesha mtoto, na mtoto akipiga kelele za kuchezea maji.

"Mwanzo nilikuwa silikumbuki kweli," akasema. "Wallahi nakwambia. Siku nilipokuja dukani nilikuwa sijui. Limenijia usiku wa baada ya harusi, nimelala. Nimelisikia kama ulivyolitaja, na sauti yako ile ya kitoto."

Nikajisogeza karibu na kitanda.

"Nimekaa nalo peke yangu mpaka leo," akasema. "Ndiyo maana nikawa nakupita njiani." Akageuza kichwa, akanitazama kama alivyokuwa akitutazama darasani, akingoja jibu. "Nikutajie?"

Nilikuwa nimekuja kwa hilo tu. Miaka arobaini na kitu nimelitaka jina hilo, na sasa lilikuwa hapo, umbali wa neno moja. Nikamsikia binti akimwambia mtoto wataingia ndani sasa hivi kumwona babu. Babu ni mimi. Nikatazama midomo ya Mwalimu, nikaona anakusanya pumzi, nikamwekea mkono kinywani. Mwalimu wangu, nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

"Usinitajie," nikamwambia.

Akafumba macho. Machozi yakashuka pembeni, yakaingia masikioni, nikayafuta. Binti akaingia na mtoto aliyelowa, akanipakatisha.

Mwalimu alifariki siku ya nne. Tulimzika kabla ya Adhuhuri. Jeneza lilipofika kaburini, shehe akasema huyu ni mwanamke, ashuke mtu wa ukoo wake ampokee. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikavua viatu, nikashuka.